Hiace ya Saa Kumi na Nusu: Miezi Minane ya Kwenda Kazini Kisongo Nikitokea Moshi

Huduma ninayoitathmini hapa haina jina lililoandikwa ubavuni mwa gari, wala haina ofisi. Ni Hiace nyeupe inayoondoka kwenye mzunguko wa YMCA, Moshi mjini, saa 10:30 alfajiri, siku sita kwa wiki, ikiwa na wateja waliolipia mwezi mzima, na sisi tunaoipanda huiita kwa saa yake tu: "ya kumi na nusu". Nimeipanda kwa miezi minane. Mimi ni rubani msaidizi wa ndege ndogo za abiria, na kituo changu cha kazi, ambacho marubani hukiita besi, ni Uwanja wa Ndege wa Arusha ulioko Kisongo. Lakini nyumba yangu iko Moshi, mume wangu anafanya kazi hospitali ya KCMC, na watoto wetu wawili wanasoma huko huko. Kati ya mlango wangu na ofisi ya oparesheni pana kilomita zipatazo tisini. Kampuni iliponipangia besi haikuniuliza ninalala wapi, na sikutarajia iniulize.

Abiria wa kawaida hulipima gari la asubuhi kwa nauli, mwendo na nafasi ya kunyoosha miguu. Mimi nalipima kwa mambo mawili tu: kama litanifikisha nikiwa bado na dakika za akiba kabla ya kuripoti, na kama nitashuka nikiwa nimelala kiasi cha kufaa kushika usukani wa ndege. Siku yangu ya kawaida huanza kwa kuripoti saa 1:00 asubuhi, kisha tunaondoka na Cessna Grand Caravan, ndege ya injini moja, kuelekea Manyara, Seronera, Kogatende na kurudi, na kabla jua halijaelekea magharibi huenda tukawa tumeruka na kutua mara sita au nane. Nyingi ya safari hizo huishia kwenye viwanja vya changarawe ambako pundamilia huweza kuwa wamesimama katikati ya njia, ikabidi tupite chini mara moja ili wakimbie, tuzunguke, ndipo tutue. Viwanja hivyo vya porini hutumika mchana peke yake, kwa hiyo kazi yote ya siku lazima ienee ndani ya mwanga wa jua, na hiyo ndiyo sababu rubani wa safari za hifadhini kwa kawaida haanzi kazi saa tatu.

Kabla ya kuifahamu Hiace hii nilijaribu njia nyingine tatu. Gari langu mwenyewe lilinifikisha kwa wakati, lakini mtu anayeendesha kwa saa moja na dakika hamsini gizani, akipishana na malori yenye taa kali, anafika Kisongo akiwa amekwisha kuutumia ule umakini alioajiriwa kwa ajili yake. Teksi ya kukodi ilinitoza shilingi 120,000 kwa safari moja. Niliitumia mara mbili, na mara ya pili mume wangu akaniuliza kwa upole kama kazini kwetu tunalipwa au tunalipa. Kosta za stendi ni rahisi kwa nauli na madereva wake wengi wanaijua kazi, ila kosta haiondoki mpaka ijae, na abiria wa saa kumi na moja alfajiri hujaa kwa hiari yao wenyewe.

Gari lenyewe si jipya. Hata hivyo mwenye nalo ameng'oa vile viti vya kukunja vya katikati, akabakiza siti kumi, kila moja ikiwa na mkanda unaofungika. Hilo la mikanda nililikagua siku ya kwanza kwa mkono wangu, siti kwa siti, mbele ya abiria walionitazama kama mkaguzi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Anayeendesha ni mwenye gari mwenyewe, mzee wa makamo ambaye wote tunamwita Mangi. Yeye huniita Kapteni, ingawa nimekwisha kumweleza kwamba mabegani mwangu kuna mistari mitatu na kwamba kapteni ana minne. "Mama, anayeshika mwiko naye ni mpishi," alinijibu, na tangu hapo sijamrekebisha tena.

Kwa upande wa kutunza muda, sijaona huduma ya barabarani inayoikaribia hii. Katika miezi minane imechelewa kuondoka mara nne, na tatu kati ya hizo nilipigiwa simu saa 9:45 usiku, kabla sijatoka nyumbani, nikaambiwa tatizo ni nini na gari lipi linakuja badala yake. Mangi hasubiri mtu. Aliwahi kumwacha mteja aliyelipia mwezi mzima, mtumishi wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambaye tulimwona kwenye kioo cha pembeni akikimbia na begi mkononi. Abiria wapya waligeuka kumtetea, na sisi wa zamani tukanyamaza, maana tunajua kwamba huruma ya dakika tano pale YMCA huzaa robo saa ya foleni mbele ya safari.

Foleni yenyewe huanzia Kikafu. Baada ya Weruweru barabara hushuka bondeni na kupanda tena kwa kona, na lori moja lililozidiwa na saruji linaweza kuburuza magari ishirini nyuma yake. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini dereva huyu, kwa sababu halipiti lori pale Kikafu, hata kosta zinapompigia honi na kumpita kwa fujo upande wa kulia. Husubiri mpaka juu, barabara inyooke, kisha hupita akiwa na uhakika. Boma Ng'ombe hupunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa hata pale ambapo trafiki hajaamka. Nilimwuliza kama anaogopa tochi ya kupimia mwendo, akasema tochi haiui. Katika kazi yetu mtu mwenye tabia hiyo huitwa mwenye nidhamu ya taratibu, na si lazima umweleze mara mbili kwa nini orodha ya ukaguzi husomwa hata kama mmeikariri.

Nusu ya njia ndipo penye dosari ya kwanza kubwa. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 katikati ya Moshi na Arusha, uko ndani kidogo kutoka barabara kuu, na baadhi ya wateja wa mwezi ni watumishi wa pale. Makubaliano yetu ni kwamba wao hushukia njia panda, ambako bodaboda huwangoja, ili gari liendelee bila kuingia. Lakini zipo asubuhi ambazo Mangi hukubali abiria wa siku moja mwenye masanduku makubwa, mara nyingi mtalii anayewahi ndege au mtu anayesafiri na familia, na basi tunaingia mpaka mbele ya jengo la abiria, masanduku yanateremshwa, chenji inatafutwa, na dakika ishirini zimekwenda. Kwa mhadhiri anayeshukia Usa River dakika hizo si kitu. Kwangu ni nusu ya akiba yangu yote, kwa sababu bila kuingia KIA hufika Kisongo saa 12:20 na huwa nimebakiwa na dakika arobaini. Nimelilalamikia jambo hili mara tatu na limepungua, ila halijakoma. (Kejeli ni kwamba kama besi yangu ingekuwa KIA, penye njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, nisingekuwa na haja ya kuandika haya; lakini ndege ndogo za hifadhini zimejikita Kisongo, karibu na mji na upande wa kuelekea mbugani.)

Usa River ndipo Hiace hii inapoiacha kosta mbali. Kosta huendelea Tengeru na kuingia mjini hadi stendi, ambako ningelazimika kutafuta kifodi (daladala ndogo) cha kunipeleka Kisongo huku wanafunzi nao wakigombea mlango ule ule. Hiace hukata kushoto na kushika barabara ya mchepuo, ile ya kilomita 42.4 inayolizunguka jiji kwa kusini hadi Ngaramtoni, kisha tunaiacha inapokutana na barabara ya Dodoma. Kwa hesabu ya kilomita sioni nafuu kubwa. Nafuu iko kwenye uhakika: barabara ya mchepuo inanigharimu dakika zile zile Jumatatu na Ijumaa, na rubani anaweza kupanga siku yake kwa muda mrefu unaojulikana kuliko kwa muda mfupi wa kubahatisha.

Malipo ni shilingi 10,000 kwa kila safari ya alfajiri, zinazolipwa mwanzoni mwa mwezi kwa idadi ya safari ulizopangiwa kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu. Nauli hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kosta. Hata hivyo Mangi ana ustaarabu ambao sikuutegemea: rosta ikibadilishwa baada ya kulipa, safari niliyoikosa huhamishiwa mwezi unaofuata, mradi nimemwarifu kabla ya saa 2:00 usiku. Rosta za kampuni zetu hubadilika kama hali ya hewa ya Meru, kwa hiyo sharti hili peke yake limeniokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote ambalo angeweza kunipa.

Sasa nije kwenye usingizi, ambao ndio hasa ninaoulipia. Ili nifike YMCA saa 10:25 ni lazima niamke saa 9:40 usiku. Wanaoandika kanuni za uchovu wa marubani hukitenga kipindi cha kuanzia saa 8:00 usiku hadi saa 11:59 alfajiri, wakikitaja kuwa ndicho ambacho mwili huwa chini kabisa katika mzunguko wake wa siku. Kwa maneno mengine, safari yangu karibu yote inaangukia ndani ya shimo hilo. Nikilala saa 3:00 usiku, jambo ambalo kwenye nyumba yenye watoto wawili ni nia zaidi kuliko tendo, napata saa sita na dakika arobaini. Kutoka Boma Ng'ombe hadi Usa River ninaweza kuongeza kama dakika arobaini za kusinzia, na gari hili limepangwa kwa ajili hiyo: redio imezimwa, taa ya ndani imezimwa, na mwenye simu huzungumza kwa kunong'ona au hushushwa kwa macho ya wenzake.

Katika mwezi wangu wa nne wa kuipanda, usingizi huo ulinitoka. Tulikuwa tumepita Maji ya Chai nilipozinduliwa na mlio wa changarawe chini ya tairi la kushoto, gari likayumba, likarudi kwenye lami. Mangi alisema, "Poleni jamani, shimo." Hapakuwa na shimo. Baadaye nilifahamu kwamba siku iliyotangulia alikwenda Rombo kwenye msiba na kurudi saa sita usiku, akalala kwa saa tatu tu. Tulipofika Kisongo nilingoja wenzangu washuke, nikamsogelea.

"Mzee wangu, jana ulilala saa ngapi?"

"Kapteni, msiba ni msiba."

"Ni kweli, na poleni sana. Lakini mimi hulala mapema kwa ajili ya abiria kumi na wawili, na wewe nyuma yako una kumi."

Hakujibu, na kwa siku kadhaa nilidhani nimemvunjia heshima mtu ambaye kwa umri ningemwamkia shikamoo, na ambaye kwa kweli humwamkia kila alfajiri. Wiki mbili baadaye tulimkuta mdogo wake kwenye usukani. Tangu wakati huo mmoja hushika zamu ya alfajiri na mwingine ya jioni, nao hubadilishana kila wiki. Sijawahi kupata jibu bora kwa lalamiko nililolipeleka popote, na ninaliandika hapa kwa sababu mteja mpya anapaswa kuyajua yote mawili: kwamba jambo lile lilitokea, na kwamba lilirekebishwa.

Tukio hilo lilinifanya niwaze upya hesabu za kazi yetu. Katika kanuni za usafiri wa anga, muda wangu wa kazi huanza kuhesabiwa ninaporipoti kituoni. Kampuni ikinipeleka yenyewe kutoka Kisongo kwenda KIA nikachukue ndege, safari hiyo ni kazi na huandikwa. Nikijipeleka mwenyewe kutoka Moshi hadi Kisongo, haimo katika daftari lolote. Saa zangu za angani zina watu wa kuzihesabu, na saa za Mangi zinahesabiwa na mke wake. Kanuni za Ulaya hushauri kwamba rubani ambaye kwa kawaida hutumia zaidi ya dakika 90 kutoka makazi yake hadi besi afikirie kupata malazi ya muda karibu na kituo, na waraka wa zamani wa Uingereza, CAP 371, ulitoa ushauri huo huo kwa saa moja na nusu. Mimi natumia dakika 110. Hiace ya kumi na nusu, pamoja na uzuri wake wote, iko upande usiofaa wa mstari huo, na hakuna dereva anayeweza kuisogeza Moshi karibu na Kisongo.

Umbali wenyewe si wa kutisha ukiulinganisha na wa wenzetu wa Marekani, ambako marubani wa mashirika ya mikoani huweza kuishi jimbo moja na kupangiwa besi jimbo jingine, wakasafiri kama abiria kwenda kuanza kazi. Mwezi Februari 2009 ndege ya Colgan Air aina ya Q400 ilianguka karibu na Buffalo, na watu 50 wakafariki. Besi ya marubani wale ilikuwa Newark. Kapteni aliishi Florida, na msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle. Wachunguzi waliweka chanzo kwenye namna kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea, wakasema pia kwamba uchovu huenda uliwadhoofisha wote wawili, ingawa haikuwezekana kupima kwa kiasi gani. Kisa hicho nilifundishwa darasani kama jambo la mbali. Baada ya changarawe za Maji ya Chai nimekuwa nikikisoma kwa jicho jingine.

Safari ya kurudi ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii, na hapa siwezi kuitetea. Gari huondoka Kisongo saa 11:00 jioni kwa ukali ule ule wa alfajiri, lakini jioni mimi si bwana wa saa yangu. Zipo asubuhi za Juni na Julai ambapo tunatoka Moshi nyota zikionekana, tukifika Usa River tunakutana na manyunyu, na Kisongo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,387, mawingu yameshuka kiasi kwamba hakuna anayeruka. Tunakaa ofisini tukinywa chai mpaka wingu liinuke, na kila saa iliyopotea asubuhi huongezwa mwisho wa siku, kwa hiyo Hiace inaondoka nikiwa bado naona vumbi la Seronera. Kati ya jioni kumi huipata labda nne. Zilizobaki hupanda kifodi hadi mjini, kisha kosta ya mwisho mwisho, nikafika nyumbani saa 3:00 usiku, ule wakati ambao nilipaswa kuwa nimelala. Mangi hatozi jioni niliyoikosa, na ni haki yake kuondoka. Ila anayedhani amenunua safari ya kwenda na kurudi ajue kwamba amenunua ya kwenda.

Kwa siku za stendibai gari hili halina msaada kabisa. Kampuni ikipiga simu nitakiwa uwanjani ndani ya saa moja, hakuna barabara ya kunitoa Moshi kwa muda huo. Kwa siku hizo, na kwa wiki ambazo rosta imenipangia alfajiri tatu au nne mfululizo, nimeamua kuchangia chumba na marubani wenzangu watatu karibu na uwanja, geto lenye vitanda vinne, maji ya tangi na mwenye nyumba anayetuita "watoto wa angani". Kuna kelele siku za mnada wa mifugo, na jirani ana jogoo asiyejua saa. Hata hivyo pale huamka saa 11:45 alfajiri badala ya 9:40 usiku, na tofauti hiyo ya saa mbili naiona wazi kwenye kutua kwa mwisho wa siku, upepo unapovuka njia na mkono unatakiwa uwe mwepesi.

Kwa hiyo mwezi huu nimepunguza. Badala ya safari kumi na sita nimelipia nane: zile za siku ya kwanza ya kila kipindi cha kazi, ninapotoka nyumbani nikiwa nimepumzika, na zile za siku moja moja zilizotawanyika kwenye rosta. Mangi aliipokea hesabu hiyo bila kinyongo, akauliza tu kama aniwekee siti yangu siku nisizokuja. Ni ile ya nyuma ya dereva upande wa kulia, ambayo dirisha lake linafunga vizuri na mtu anaweza kuegemeza kichwa bila kugongwa na kioo Boma Ng'ombe penye matuta. Nimemwambia aiuze, Jumanne na Alhamisi iko wazi.